Niliwatenganisha Maksai Wetu Huku Nikiimba Mfalme Anakuja

Mwenzenu nimekosa, na sitaki mtu anitafutie sababu. Sababu nilijitafutia mwenyewe za kutosha, tena za kanisani, ndiyo maana naona aibu hata kuandika haya.

Naishi kijijini, kando ya barabara ya kutoka Tunduma kwenda Chitete. Nalima mahindi, na kanisani kwetu mimi ndiye mwalimu wa kwaya. Wimbo wetu unaopendwa kuliko nyimbo zote niliutunga mimi. Unasema Mfalme wa haki anakuja, hakuna atakayemwonea mwenzake tena, na silaha zote zitageuzwa kuwa vifaa vya shambani. Watu wanalia tukiuimba. Na mimi nilikuwa nalia! Machozi ya kweli kabisa, huku ndugu yangu nimemfungia mlango.

Huyo ndugu ni mdogo wangu, tumbo moja. Nitamwita Lameki, ingawa si jina lake. Kati ya nyumba yangu na yake kuna kishamba cha mihogo tu, mtu akikohoa kule unamsikia huku. Baba yetu alipofariki alituachia maksai wawili, kila mtu wake. Wangu anaitwa Mwendo, wa Lameki anaitwa Tajiri. Plau na nira vikakaa kwangu kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

Kwa ambaye hajalima na ng'ombe, naomba nimweleze kidogo. Maksai wanafundishwa wawili wawili. Mmoja anazoea kutembea ndani ya mtaro, upande wa kulia, mwenzake anazoea kukanyaga ardhi ambayo haijalimwa. Ukimfunga mmoja na mgeni anagoma, anapinda shingo, wakati mwingine analala chini kabisa na hata umpige hainuki. Wetu walikua pamoja. Na sisi pia tulikuwa na nafasi zetu. Mimi niliswaga, Lameki alishika plau. Mkono wa Lameki kwenye plau, jamani! Mistari ilinyooka mpaka watu wa barabarani walisimama kuangalia. Mimi nikishika, plau inaruka kama ina wazimu.

Sasa sikilizeni ugomvi wenyewe ulivyokuwa mdogo.

Kabla ya mvua za mwanzo nilikwenda Tunduma mjini na kwaya, kulikuwa na mkutano wa makanisa. Huku nyuma Lameki akawachukua maksai wote wawili, akavuka nao hadi kwa shangazi yetu upande wa Zambia. Shangazi ni mjane, hana wa kumlimia. Akamlimia, akarudi. Mimi nikakuta Mwendo ana kidonda shingoni, nira ya huko ilikuwa mbovu, imemchuna ngozi.

Nilipandwa na hasira, sijui nisemeje! Nilimfuata zizini, wake zetu wakisikia.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Kaka, nisamehe. Ulikuwa mkutanoni, na shangazi alikuwa analia. Nira yetu niliisahau, nikatumia ya kule. Kidonda nitakiuguza mwenyewe."

"Mwendo hafungwi tena na ng'ombe wako. Umesikia? Tena usiguse plau."

"Kaka, mvua hizi hapa."

"Hiyo si shida yangu."

Shangazi mwenyewe alikuwa amenipigia simu asubuhi ile ile kunishukuru, "natotela, natotela mwanangu", asante nyingi za kule kwao. Nilijua kabisa ng'ombe walikwenda kufanya nini. Kilichoniuma si kidonda. Iliniuma kwa sababu shukrani za shangazi zilikuwa za Lameki, na mimi mkubwa sikuulizwa. Huo ndio ukweli, nimeufikia kwa kuchelewa.

Mvua ikanyesha. Lameki akaja, amevua kofia, amesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Akaniomba tufunge nira hata kwa ajili ya watoto, halafu baada ya kulima nimchukie nitakavyo.

Hapo ndipo nilipotamka neno ambalo sitalisahau. Nilimwambia kwa sauti ya upole, ile ninayotumia kufundisha kwaya: "Mdogo wangu, mimi sina ugomvi na wewe. Nimemwachia Mfalme anayekuja. Yeye ndiye atakayetuamua."

Ee Mungu wangu! Nilijiona mtakatifu! Nilifunga mlango nikaenda kunywa chai. Nilijiambia sijampiga, sijamtukana, sijampeleka kwa mtendaji wa kijiji, basi ninaishi kwa amani. Hivi kweli ile ilikuwa amani?

Kanisani kwetu kuna desturi. Kabla ya Meza ya Bwana, mzee wa kanisa anapita nyumba kwa nyumba, anakaa na kila mshirika na kumuuliza swali moja: una neno na mtu? Ukiwa nalo mnakwenda naye kulimaliza, ndipo unaikaribia Meza. Kwangu alikuja mzee mmoja mpole, mfupi, asiye na maneno mengi. Akaketi, akanywa togwa aliyoletewa na mke wangu, akauliza.

"Sina neno na mtu, mzee," nikajibu.

Akageuka kuangalia dirishani. Kule ng'ambo ya mihogo, Lameki na mkewe walikuwa wameinama na majembe ya mkono, wamelima kipande kama uwanja wa nyumba. Tajiri alikuwa amefungwa kwenye mti, anakula majani. Mwendo alikuwa zizini kwangu, naye hana kazi.

"Basi vizuri, mwalimu. Twende wote tukawasalimie kwa Lameki."

"Mzee, leo nina mazoezi ya kwaya. Wananisubiri."

Alinitazama kidogo, akachukua kofia yake akaondoka. Sikuwa na mazoezi yoyote. Jumapili ile nilikula Mkate na kunywa Kikombe, halafu nikasimama kuongoza wimbo wangu wa Mfalme wa haki. Lameki alikuwa benchi la nyuma. Hakuisogelea Meza. Alikuwa amemwambia mzee kwamba yeye ana neno na kaka yake na halijaisha. Kati yetu wawili, mwongo alikuwa mbele na fimbo ya kuongozea kwaya!

Mimi nililima kwa ng'ombe wa jirani, nikawahi. Lameki na mkewe walimaliza kupanda wakati mahindi yangu yako magotini. Halafu mvua ikakata mapema. Yangu yalikuwa yameshabeba, ya kwake yalikauka yakiwa na vigunzi vitupu. Nilipita pale kila siku kwenda shambani kwangu. Msidhani sikuona. Niliona, na kuna siku, Mungu anisamehe, nilifikiri kwamba labda Mfalme ameshaanza kuamua.

Njaa ilipoingia kwao, Lameki akaamua kwenda Ivuna kwenye chumvi, apate cha kuwatumia watoto. Asubuhi ya kuondoka alikuja kuniaga. Nilimwona tangu anavuka mihogo. Nikaingia chumbani, nikamwambia mke wangu aseme nimelala.

Mke wangu hakupenda, lakini alisema. Nikamsikia Lameki akijibu, "Msimwamshe. Mwambieni namwachia Tajiri. Huku kwangu atakaa bure, na hao ng'ombe wamezoeana, wasitengane." Akamfunga zizini kwangu, akaenda zake barabarani kutafuta gari.

Nilikuwa nimekaa kitandani na viatu vyangu miguuni. Ningetoka! Ni hatua chache tu! Mlango haukuwa na kufuli. Nilikaa mpaka niliposikia gari limeondoka.

Kule Ivuna wanachemsha maji ya chumvi kwenye makarai makubwa juu ya moto wa kuni, siku nzima. Lameki ni mtu wa jembe, kazi ile alikuwa hajawahi kuifanya. Karai moja liliteleza kwenye mafiga, akataka kulizuia. Mtu wa shamba akiona kitu kinaanguka anakidaka, ndivyo mikono yetu ilivyo. Maji yale yakammwagikia mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko.

Simu ilinikuta uani napukuchua mahindi. Lilikuwa rundo refu kunishinda, nimekaa katikati yake. Mtu nisiyemjua akauliza kama mimi ndiye kaka yake Lameki. Nikasema ndimi. Akasema, "Njoo umchukue ndugu yako, ameungua. Wewe ndiye uliyetajwa." Jamani! Alipoulizwa nani apigiwe, alinitaja mimi, mtu aliyekuwa amelala na viatu!

Nilipanda bodaboda hadi Chitete, nikaunganisha kwenye lori. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia. Nilipofika zahanati nikamkuta amekaa kwenye benchi, mkono umefungwa bandeji, uso umepungua. Nilipiga magoti sakafuni mbele za watu.

"Inuka, kaka," akasema. "Mwendo kidonda kimepona?"

Hilo ndilo aliloniuliza. Nililia kama mtoto, na safari hii hakukuwa na wimbo.

Mkono ulipona ngozi, lakini vidole vilijikunja na havinyooki. Anaweza kubeba kikombe, anaweza kumshika mtoto. Plau hawezi. Hatashika plau tena maisha yake yote, na ile mistari iliyonyooka imekwisha, kwa sababu yangu.

Lameki amenisamehe. Aliniambia siku ile ile tukiwa kwenye lori, na hajawahi kurudia neno hilo wala kunisimanga. Mzee wa kanisa naye nilimfuata, nikamwambia nilimdanganya yeye na nikaidanganya Meza. Niliwekwa pembeni kwa muda, fimbo ya kwaya akapewa mwingine. Yote hayo nilistahili.

Mke wa Lameki hajanisamehe, na simlaumu. Msimu huu niliwafunga Mwendo na Tajiri nira moja, nikaanza na shamba lao kabla ya kugusa langu. Lameki aliswaga kwa mkono wa kushoto, mimi nikashika plau. Mistari ilipinda vibaya, plau ikawa inaruka. Lameki alicheka, akanielekeza, nikajaribu tena. Shemeji alikuwa anatufuata nyuma akipanda mbegu.

Tulipopumzika nikataka kumfariji. Kwa mazoea yangu ya zamani, mdomo ukatangulia. Nikamwambia, "Shemeji, tusikate tamaa. Mfalme akija atayanyoosha yote, hata mkono wa Lameki."

Akaweka chini bakuli la mbegu. "Shemeji, hilo naliamini kuliko wewe. Anakuja, na mkono huo atauponya. Lakini wewe ulikuwa unaweza kufungua mlango tu. Yeye ajapo atakuta ameachiwa kazi yake, na yako pia."

Nilirudi kwenye plau nikaendelea kuharibu mistari.

Bado naamini Mfalme yule anakuja. Siku hizi namngoja kwa hamu na kwa hofu, vyote viwili. Namngoja kwa hamu kwa ajili ya vidole vya Lameki. Hofu inanijia nikikumbuka kwamba nilimtumia yeye kufungia mlango. Jina lake zuri, la amani, nililitamka mlangoni kwangu ili mdogo wangu alale njaa. Wimbo wangu ulisema silaha zitageuzwa vifaa vya shambani, na mimi plau ya baba yetu niliigeuza silaha!

Wewe unayesoma, sijui ni nani uliyemwachia Mfalme. Labda ni jirani, labda dada yako, labda mama mkwe. Najua unavyojisikia, unajisikia mtu wa Mungu kabisa, umetulia, huna neno na mtu. Nakuomba usiniige! Kama kuna jambo Mfalme peke yake analiweza, mwachie. Kama ni jambo la kufungua mlango na kusema karibu ndani, hilo ni lako, hatakuja kulifanya kwa niaba yako.

Na kama yuko mtu anayekuja kukuaga asubuhi hii, tafadhali usilale. Toka nje, mwangalie mikono yake ikiwa bado mizima, umshike.