Shavu la Mama Kola

Wifi yangu hakuwahi kuitupa blauzi kwenye meza ya pasi bila kwanza kuilaza kola yake shavuni. Akishakata uzi anaifungua kola, anaibana kwenye shavu la kushoto, anafumba macho kidogo, kisha anasema "hii haikwaruzi", au anaguna na kuifumua upya. Vidole vya fundi vimeshakufa ganzi kwa sindano, husema, lakini shavu halidanganyi. Kwa ajili hiyo mtaa mzima wa mafundi wanamwita Mama Kola, na kwa ajili hiyo hiyo nusura mimi nikose kazi na mume wangu anione mzembe.

Mimi ni mke wa mdogo wake. Mume wangu ni dereva wa lori la safari ndefu, mtu wa kupiga simu kuliko kuonekana, kwa hiyo tangu anioe maisha yangu ni kwa dada yake. Nyumba ni moja, yeye vyumba vya mbele, mimi cha nyuma. Duka ni lake. Yeye anashona, mimi natia vifungo na kupiga pasi. Na mawifi ni mawifi: kutwa kucha tulikuwa tunachokozana, yeye akiniita mke wa steringi, mimi nikimwita bikizee.

Alipotimiza miaka arobaini na minne chunusi zikamvamia. Usichana wake wote uso ulikuwa laini, leo mikunjo inaanza kando ya macho na papo hapo kidevu na mashavu yanaota vipele vya mtoto wa sekondari. Akahangaika. Alipaka asali na limau, ikamwasha mpaka akakimbilia bombani. Alienda saluni kufukizwa uso chini ya taulo, akarudi macho yamevimba. Alipaka udongo wa pakiti uliomkausha hata akawa anacheka kwa pua. Akanunua krimu ya asubuhi, krimu ya kulalia, na losheni ya kuzuia jua iliyomfanya aonekane katoka kusaga unga. Halafu binti mmoja aliyekuja kupimwa gauni akamwuliza kwa huruma zote, "Shangazi, kwenu mbu ni wengi?"

Siku ile wifi yangu hakula. Kesho yake akatangaza, "Mimi na vipodozi basi. Anayenitaka anitake na upele wangu." Nikamwamini.

Ndipo ikaingia kazi ya hoteli. Meneja wake, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, tuliyempachika jina la Mama Hoteli, alitaka blauzi za wafanyakazi wake wote kabla ya kufungua milango. Kitambaa kilikuwa cha rangi ya damu ya mzee, kizito, kizuri mno. Hatukuwahi kupata kazi kubwa kama ile.

Doa la kwanza lilijitokeza chini ya pasi yangu. Niliinua pasi nikaona upande mmoja wa kola umepauka, rangi imekuwa kama ya chungwa bovu, doa pana kama kiganja cha mtoto. 

"Umeunguza," wifi alisema.

"Sijaunguza, wifi. Kitambaa kikiungua kinanuka. Umesikia harufu?"

"Basi mimi ndiye nimeunguza? Mimi nakaa na pasi?"

Nikaisugua pasi mpaka ikang'aa. Nikamwaga maji ya kunyunyizia, nikatia mapya. Nikapunguza moto, nikawa natandika kitambaa juu ya kola kabla ya kuigusa. Kola mbili zikatoka salama, ya tatu ikapauka. Wifi akaja akanishika mikono akainusa, kama askari anayenusa mlevi, akitafuta dawa ya kufulia nguo nyeupe. Hakuipata, lakini hakuniomba radhi. Alirudi kwenye kiti chake akaiambia cherehani, kwa sauti ya kunifikia vizuri, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Jioni mume wangu akapiga simu. Alikuwa ameshaambiwa.

"Dada hawezi kukusingizia," alisema. "Nguo za watu hizo. Punguza haraka za mikono."

"Mikono yangu ina nini?"

"Sasa doa linatoka wapi?"

Wifi alishanieleza litakalofuata: Mama Hoteli akija Alhamisi kukagua, nitajieleza kwa mdomo wangu mwenyewe, na baada ya hapo nitakaa nyumbani. Na mtaa wetu ni mdogo. Mtu aliyefukuzwa kwa kuharibu nguo za wateja hapewi pasi nyingine na fundi yeyote. Nilianza kuitazama mikono yangu mwenyewe kwa mashaka. Nilikuwa nainawa mpaka ngozi inasinyaa.

Jumanne na Jumatano madoa hayakutokea. "Unaona?" wifi alisema. "Ukitishwa kidogo mkono unatulia."

Jumatano hiyo alasiri mvua ilianza ghafla, nami nilikuwa nimetangulia nyumbani kupika. Nikakimbilia kamba kuanua nguo. Nyuma ya shuka la wifi, imefichwa haswa, nikakuta foronya yake ya buluu. Katikati ilikuwa imepauka, doa pana la shavu la mtu aliyelalia upande mmoja. Nikasimama na mvua ikininyeshea.

Niliingia chumbani kwake kwa kisingizio cha kutandika. Chini ya mto kulikuwa na tyubu ya dawa ya chunusi kutoka duka la dawa, imekamuliwa karibu kuisha. Nikachukua kidogo kwa ncha ya kidole, nikaenda chumbani kwangu, nikapaka kwenye kipande cha damu ya mzee nilichokuwa nacho mfukoni mwa aproni, nikakipiga pasi yangu ya nyumbani. Rangi ikaondoka nikiitazama. Nilikaa kitandani nikalia kwa furaha, kisha nikamwonea huruma. Maskini, nilisema moyoni, hajui. Nitamwambia kesho asubuhi tukiwa wawili tu, asiaibike.

Lakini Mama Hoteli aliwahi kabla yetu. Tulimkuta amesimama mlangoni. Aliingia, akazipitia blauzi moja moja, akazitenga zenye madoa. Kisha akauliza, "Nani kafanya hivi?"

Wifi hakunitazama. "Ni huyu wifi yangu, pasi imemshinda. Usiwe na wasiwasi, leo ni siku yake ya mwisho hapa. Ngoja nikumalizie hii uone kazi ilivyo."

Nilifungua mdomo nimwite pembeni, nimnong'oneze. Wakati huo alikuwa amekata uzi wa blauzi aliyoshika. Akaifungua kola, akainyanyua kuelekea shavuni kama alivyofanya maisha yake yote. Mkono ukasimama njiani. Akaishusha, akaipitisha kola juu ya mgongo wa kiganja chake.

"Hii haikwaruzi," alisema.

Meza yangu inaelekea ukutani, Jumanne na Jumatano zote nilikuwa nimempa mgongo. Sasa niliona, na huruma yote ikanitoka.

"Wifi," nilisema, "mbona hukuiweka shavuni?"

Akaipapasa tena kola kwa kidole.

"Iweke shavuni, wifi. Mama Kola anapima kwa shavu, mtaa mzima wanajua."

Mama Hoteli alimtazama, akanitazama. Wifi akaiweka blauzi mapajani akaanza kuikunja vizuri sana.

"Ni mimi," alisema. "Ni dawa ninayopaka. Nimejua tangu juzi."

"Ukaniacha?" Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka.

"Nilitaka zipone kwanza," alisema. "Zilikuwa zinaanza kupona."

Mama Hoteli akasema anataka kola zote mbovu zibadilishwe kufikia Jumamosi, na hajali nani anapaka nini. Akaondoka. Tukabaki na rundo la blauzi.

"Wifi, nisamehe," Mama Kola aliniambia. "Washa pasi, peke yangu siwezi."

"Mpigie mdogo wako kwanza. Hapa hapa, nisikie."

Alinisihi kwa macho. Sikulegeza. Akapiga, akaweka sauti ya nje, akamwambia kwamba nguo alikuwa anaziharibu yeye, mkewe hana kosa.

"Umeziharibu na nini, dada?"

"Na dawa ya chunusi."

Mume wangu akacheka. Akacheka kicheko chake cha njiani, cha kuita wenzake. "Chunusi? Dada, umri huo? Jamani, sikilizeni huku, dada yangu kabalehe!" Na kweli nyuma yake tukasikia wanaume wengine wakiangua kicheko.

Wifi alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Hakuikata. Machozi yalimtoka yakapita katikati ya vipele vyake, naye akayaacha yashuke, maana kufuta kungeuma.

Nilimnyang'anya ile simu. "Unacheka nini?" nilimwambia mume wangu. "Wewe mwenye kitambi, nani kakucheka? Rudi nyumbani uje umwombe dada yako radhi, na ukimaliza uniombe na mimi." Nikamkatia.

Sikuwa nimemsamehe wifi, na nilimwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa. Kisha nikavuta kiti changu nikakigeuza, nisimpe mgongo tena, nikaanza kufumua kola ya kwanza.