Mavu wa Kwenye Kizibo cha Ndiva

Jumatano, tarehe 18 Septemba. Jua tangu asubuhi, hakuna wingu hata moja juu ya mlima, na upepo unatoka nyika ya Same na vumbi lake mpaka huku juu. Mkono wa kulia umevimba, naandika kwa wa kushoto.

Ndivyo ulivyoanza ukurasa ule wa daftari langu. Chini yake kuna mistari kumi na mmoja tu, imepinda kama nyayo za kuku. Nilisoma mpaka darasa la nne la misheni, siandiki vizuri hata kwa mkono mzima. Lakini ubaya wa ukurasa ule si mwandiko. Niliandika hivi: "Mavu walitoka, tukakimbia." Si kweli. Nilikimbia mimi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alibaki. Kwa hiyo naandika upya kadiri ninavyokumbuka, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Shamba letu liko kwenye mteremko juu ya Gonja, ngazi saba za maharage. Wakati wa kiangazi hakuna maharage bila ndiva. Ndiva ni bwawa la mawe na udongo walilojenga wazee kabla hatujazaliwa. Usiku linakinga maji ya kijito, alfajiri mwenye zamu anang'oa kizibo, na maji yanashuka kwa mfereji mpaka shambani kwake. Kila nyumba ina siku yake. Yetu ilirudi kila baada ya siku tisa. Na kuna jiwe jeupe katikati ya ukingo: jua likiligusa kabla hujafungua, zamu yako imepita, anafungua mwingine.

Maharage yalikuwa yametoa maua, na majani yake yalikuwa yameanza kulegea tangu juzi yake. Ghalani hakukuwa na mahindi, tulibaki na mihogo. Tukikosa maji siku ile, siku tisa nyingine zingekuta majivu, na nyumba nzima, yaani mama yangu, mke wangu, watoto watatu na mimi, ingengoja mavuno ya vuli kwa mihogo mitupu. Hilo kila mtu nyumbani alilijua, hata mtoto mdogo alikuwa akiuliza maji ni lini.

Na mavu walikuwa kwenye kizibo.

Walikuwa wamejenga chini ya mzizi mnene uliotokeza kwenye ukingo, hatua moja tu kutoka pale kizibo kilipo. Masega matatu ya kijivu, makavu, kila moja kama sahani. Sisemi nyuki. Nyuki namwogopa kwa kiasi, kama watu wengine. Nasema mavu, wale manyigu wakubwa weusi, tumbo jekundu, kiuno kama uzi, wanaokaa juu ya sega wamekutazama wote kwa pamoja.

Nilipokuwa na miaka kama saba, baba alimfunga ndama chini ya mti wenye mavu bila kujua. Nilimwona ndama akiuzunguka mti, kamba ikifupika, mavu wakimwingia puani na machoni, mpaka akapiga magoti na ulimi ukatoka. Nilikuwa na kisu cha kukatia majani mkononi. Sikuikata kamba. Baba alisema baadaye ndama alikufa kwa kujinyonga na kamba, si kwa sumu. Huenda alisema kweli. Mimi nilichokiona ni macho yake.

Tangu siku hiyo sikuwa mtu wa kawaida mbele ya kitu chenye mwiba. Nge nilimponda mpaka jiwe likagongana na jiwe. Tandu nilimkata kwa panga vipande vinane, kisha nikakaa nione kama vipande vitatembea. Wanaume wenzangu walijua. Siku moja kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, jirani alinijia kwa nyuma akavuma sikioni, "Vuuu!" Niligeuka na jembe nikampiga nalo begani, nyama ikafunguka. Watu walicheka, na yeye alicheka huku damu inamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Kwa hiyo siwezi kusema ni mtu mbaya.

Siku moja kabla ya zamu yetu nilikwenda kwa mzee anayesimamia ndiva.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa mavu."

"Ndiyo, mzee. Naomba niwachome. Mwenge mmoja tu wa majani makavu."

Akanitazama kama niliyeomba kujisaidia majini. "Moto kwenye ndiva? Babu yako hakuwasha. Baba yako hakuwasha. Maji yakiona moto yanarudi yalikotoka."

"Watatuua, mzee."

"Nani? Wenzako wamefungua wiki nzima. Nani amekufa? Mavu analala kama wewe. Njoo jogoo wa kwanza, umande uko kwenye mbawa zao. Zungusha kizibo taratibu, kitoke chenyewe. Usikigonge."

Kwenye daftari niliandika kwamba mzee alikataza moto. Hayo mengine sikuyaandika. Namwomba radhi, ingawa amekwisha kufa.

Jogoo wa kwanza akawika, nikawa macho. Jogoo wa pili akawika. Gizani nisingewaona mavu, na mimi nilitaka kuwaona. Huo ndio ulikuwa upumbavu wangu wote: nilitaka kuwaona, kwa hiyo nikangoja wakati ambao na wao wangeniona. Nikakaa jikoni nikisingizia kwamba mpini wa shoka umelegea. Nikaugongagonga. Mke wangu akachukua jembe lake.

"Baba watoto, maji hayatakufuata hapo jikoni."

"Nakuja."

"Mimi natangulia kwenye mfereji, niyapokee. Sitaki kupokea vumbi."

Shemeji alikuwa akilala kwetu wiki hiyo. Alikuwa amerudi kutoka vitani, kutoka Bama walikopigana na Wajapani, na blanketi la jeshi na kovu refu la paja. Nilimpenda, na alinichosha. Alisimama mlangoni akajitupia blanketi begani.

"Shem, twende. Mjapani alikuwa na bunduki, sikumkimbia. Hawa wana makalio tu."

"Usiwatukane."

"Wanasikia Kiswahili?" Akacheka sana. "Au niwatukane kwa Chasu chetu?"

Tulipofika, jua lilikuwa limekwisha kushuka kwenye ukingo, limebakiza hatua mbili kufika kwenye jiwe jeupe. Ndiva ilikuwa imejaa. Jirani mwenye zamu inayofuata alikuwa amekaa ng'ambo na jembe lake magotini. Hakufanya kosa. Hata mimi ningekaa. Mavu walikuwa wameamka wote, wanatembea juu ya masega, wengine wanaruka na kurudi.

Shemeji alilowanisha blanketi, akajifunika kichwa na mabega, akaingia majini mpaka kifuani, akashika gogo la kizibo kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa juu ya ukingo, nimeshika kamba iliyofungwa kwenye gogo.

"Vuta nikizungusha," alisema.

Alizungusha. Nilivuta. Gogo lilikuwa limevimba kwa maji, halikutikisika. Akazungusha tena. Jua likasogea. Niliona kivuli cha mlima kinarudi nyuma kuelekea lile jiwe kama mtu anayevua shati.

"Taratibu, shem. Linakuja."

Mimi sikusubiri lije. Nilitaka jambo liishe. Nilichukua shoka, nikapiga kichwa cha gogo kwa kisogo cha shoka. Mara moja. Ukingo ukatikisika chini ya miguu yangu. Mara ya pili. Shemeji alipiga kelele, "Acha!" Nikapiga mara ya tatu. Sijui kwa nini nilipiga mara ya tatu baada ya kusikia acha. Nimejiuliza miaka yote hii.

Hawakutoka mmoja mmoja. Walidondoka kama mchanga na kuinuka hapo hapo. Wa kwanza alinipiga kwenye kifundo cha mkono, na maumivu yalikuwa kama msumari uliotoka motoni na kugongewa mfupani. Wa pili, wa tatu, mkono huo huo. Blanketi lilikuwa limeteleza kutoka kwenye kichwa cha shemeji alipolisukuma ili anione. Walimfunika uso. Sikuona ngozi, niliona weusi unaotembea. Alifungua mdomo, na wakaingia. Alijipiga kofi usoni, tena na tena, makofi ya mtu anayetaka kuua, mpaka damu ya pua ikatoka, halafu akazama. Gogo lilikuwa limechomoka. Maji yalianza kuingia tunduni kwa mlio.

Nilimtazama akizama. Kisha nikakimbia.

Nilishuka kupitia migomba nikijipiga kichwa kwa ngumi. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mfereji, na maji ya kwanza yalikuwa yanamfikia miguuni, machafu, na povu. Alikuwa anatabasamu.

"Kaka yuko wapi?"

Niliendelea kujipiga kichwa.

"Kaka yangu yuko wapi?"

Nilinyoosha mkono juu. Alinipiga kwa mpini wa jembe kwenye mbavu, kwa nguvu zake zote, nikasikia kitu kinalia ndani. Nikaanguka. Alipita juu yangu, alinikanyaga kwenye paja, akakimbia kupanda. Nikainuka nikamfuata. Ningependa kusema nilimfuata kwa ujasiri. Nadhani nilimfuata kwa sababu nilimwogopa yeye zaidi.

Maji yalikuwa yameshuka mpaka kiunoni. Shemeji alikuwa amevutwa mpaka kwenye tundu, mkono mmoja umeingia mpaka begani, ukalikaba tundu, na uso wake umegandamizwa kwenye matope. Maji yalimpita pembeni yakipiga filimbi. Mke wangu aliruka ndani na kumshika mshipi wa kiunoni. Mavu wakamshukia shingoni. Hakuwapangusa. Alikuwa anavuta na kutukana, matusi ambayo sijapata kuyasikia kwake kabla wala baada. Jirani aliyekuwa ng'ambo alikuwa tayari ndani ya maji, anavuta mguu, jicho lake moja limekwisha kuzibwa na uvimbe. Huyu ndiye niliyempiga kwa jembe begani.

Niliingia. Nilishika bega. Nilihisi mavu ndani ya shati, mgongoni, kwapani, na nilipiga mayowe kama mbuzi anayechinjwa vibaya, lakini sikuachia. Mkono wa shemeji ulitoka tunduni ngozi imechunika toka kiwiko hadi kiganja, na maji yakaondoka kwa kishindo. Tulimburuta nje kwa miguu. Kichwa chake kilipiga mawe ya ukingo mara mbili. Hatukuwa na muda wa kukiinua.

Chini ya migomba jirani alimkalia mgongoni akamkandamiza mpaka maji na matope yakatoka, kisha mavu wawili, mmoja bado anatembea. Nilimchukua huyo. Nilimweka juu ya jiwe nikamponda, nikaendelea kumponda alipokuwa amekwisha kuwa unyevu tu, mpaka mke wangu aliposema, "Acha jiwe. Shika miguu ya kaka."

Tulimbeba mpaka nyumbani. Uso wake ulikuwa kama mkate uliochomwa, macho hayapo, midomo imegeuka nje. Alipumua kwa mlio mwembamba, na mlio ulipokatika sote tulimwinamia mpaka urudi. Mtu alikimbia kumwita dresa wa zahanati, akafika mchana. Akatoa sindano. Nilitoka nje. Hata wakati ule, nilitoka nje.

Dresa alipotoka alisema, "Moyo umekubali. Ana bahati, ana kifua cha nguvu. Jicho la kushoto sijui." Jicho la kushoto halikupona, ingawa yeye mwenyewe hakunilaumu hata siku moja. Aliwaambia watu ni jeraha la vita, na watu wakamwamini, na mimi nikamwacha aseme hivyo. Huo ni uongo wangu wa pili, mkubwa kuliko ule wa daftari.

Maji je? Hakuna aliyekuwa na akili ya maji isipokuwa mama yangu. Alitusikia tukipiga kelele, akatoka na fimbo yake, akaona maji yanashuka kwa mfereji usio na mtu, yanamwagikia korongoni. Hakupanda kuja kwetu. Baadaye nilimuuliza kwa nini.

"Nije kufanya nini? Kulia?" alisema. "Walioliwa walikuwa wameliwa. Na maji nayo yaende?"

Mke wangu hakumsemesha kwa jibu hilo siku mbili. Mimi sijui nani kati yao alikuwa sahihi. Mama alipiga magoti akaziba mfereji kwa udongo, kwa mikono, mtu ambaye alikuwa hawezi kuinama bila kushika ukuta. Alifaulu kuyaingiza ngazi tatu za juu kabla ndiva haijakauka. Ngazi nne za chini hazikupata hata tone. Jua lilikuwa limepita jiwe jeupe zamani.

Saa kumi na moja jioni mke wangu alishuka shambani, shingo yake imevimba mpaka haigeuki. Nilisema nitamsaidia, nikamfuata. Alianza ngazi ya nne. Aliyang'oa maharage kwa mashina, mawili mawili, anayakung'uta udongo kwa kuyapiga gotini kwake, maua yanaruka. Nilisema labda kesho kutakuwa na mawingu, labda tungengoja.

"Ngoja wewe," alisema. "Majani bado mabichi. Kesho jua litayala bila sisi."

Tuling'oa ngazi zote nne, mimi kwa mkono mmoja.

Usiku ule nyumbani tulikula ugali wa muhogo na hayo majani ya maharage, yamepikwa na maua yake, bila mafuta. Shemeji hakuweza kutafuna. Nilishika bakuli nimpe mchuzi wa majani, lakini mke wangu alilichukua mkononi mwangu, akampa mwenyewe, kijiko kimoja kimoja, kwenye pembe ya mdomo iliyokuwa bado inafunguka. Shemeji alimaliza bakuli zima na akaomba jingine.