Sura ya Chiriku kwenye kava la tano

Saa mbili asubuhi, Fundi Sura anamtoa mtoto ukutani. Mtoto ni wa pichani. Alipigwa picha akiwa ameegemea ukuta uliochubuka rangi, na mwenye picha anataka ukuta uondoke, mtoto abaki, awekwe kwenye lebo ya sabuni ya unga. Fundi Sura anashika kipanya cha kompyuta, anafuata ukingo wa sikio, anashuka shingoni, anapanda kwenye nywele. Mkono ukiteleza kidogo tu, mtoto atatoka na sikio la popo.

"Usiniharibie mwanangu," mteja anatania akiwa mlangoni.

"Mwanao alikuja ameharibika. Kacheka huku jicho moja limelala," anajibu bila kugeuka, na mteja anaangua kicheko.

Chumba ni nusu chake, nusu cha mtu wa fotokopi. Mlango wa printa umefungwa kwa mpira ili usidondoke. Ukutani yamebandikwa makava ya DVD za tamthilia za watoto, yamefuatana moja baada ya jingine, yote ya mkono wake. Hakuna jipya hata moja. Mvua zilizopita alikuwa bado anatengeneza makava. Mvua hizi anatengeneza lebo za sabuni, kadi za harusi na picha za misiba.

Baba yake alikuwa mwandishi wa mabango ya maduka, na alimfundisha kushika brashi kabla hajajua kushika mwiko. Kompyuta alijifunza kwa kusimama nyuma ya mtu wa fotokopi na kutazama. Leo mumewe ni mlinzi wa ghala, na kwa miaka mingi kodi na ada za watoto wao zililipwa na makava.

Ukimuuliza juu ya kazi ile, huacha kompyuta akasimama ukutani.

"Kava la watoto lina wanunuzi wawili," anasema. "Mtoto yuko chini, mzazi yuko juu. Mtoto anatafuta uso anaoujua. Mzazi anatafuta sababu ya kukataa. Kazi yangu ni kumpa mtoto uso na kumnyang'anya mzazi sababu."

Anaonyesha kwa kidole. Mtu mbaya husimama nyuma, begani kwa mtoto, mdogo kiasi cha kutisha bila kuliza. Rangi ya njano ni ya vicheko. Mtoto mkuu humtazama mnunuzi machoni. Na kama anatazama pembeni, basi atazame ndani, kwenye jina la tamthilia. "Akitazama nje ya kava, mnunuzi naye anatazama nje, anaenda zake."

Hafichi kwamba makava hutia chumvi. Amewahi kuweka moto kwenye hadithi isiyo hata na kiberiti. "Chumvi kidogo sawa," anasema. "Lakini chumvi si mchuzi."

Mtayarishaji mmoja ndiye aliyekuwa akimpa kazi nyingi. Tamthilia yake ilihusu watoto watano wanaoishi jengo moja, na kati yao alikuwamo msichana mdogo, mrefu wa maneno, aliyeweza kumtoa mwenzake kwenye adhabu yoyote kwa uongo mtamu. Kwenye tamthilia walimwita Chiriku, na jina likamfuata hadi nyumbani. Watoto walinunua diski kwa ajili yake. Kuanzia sehemu ya kwanza mpaka ya nne, uso wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wenzake.

Sehemu ya nne ikiwa bado mezani kwa wauzaji, Chiriku akashikwa na homa. Haikuchukua muda. Mungu alimtaka, na Mungu hajadiliwi. Bibi yake, aliyemlea yeye na mdogo wake, alimzika akiwa amevaa viatu vya kuigizia, kwa kuwa ndivyo alivyovipenda.

Miezi ikapita. Sehemu ya tano ikatengenezwa na watoto wanne. Siku moja mtayarishaji akaja chumbani kwa Fundi Sura na diski mkononi, akataka kava. Mtu wa fotokopi alikuwapo, na mazungumzo anayakumbuka vizuri kuliko sala zake, kama anavyosema mwenyewe.

"Chiriku muweke mbele, kama kawaida," alisema mtayarishaji.

"Yumo humu ndani?"

"Yumo mioyoni mwa watoto."

"Moyoni hakuna deki, bosi. Mtoto atanunua, atamngoja Chiriku mpaka maandishi ya mwisho, na hatamwona."

"Atakuwa ameshanunua. Dada yangu, watoto hawasomi jina, wanasoma sura. Wewe ni fundi au mhubiri?"

"Ni fundi. Hata mchimba kaburi ni fundi, lakini shimo moja halichimbi mara mbili."

Mtayarishaji alichukua diski yake akatoka. Hakumnyima kazi ya kava lile tu. Alimnyima makava yote, ya tamthilia hiyo na nyinginezo.

Nyumbani hakupongezwa. Wifi yake alisema kwa niaba ya wote: "Wifi, si ungemweka tu? Marehemu hasomi makava."

"Walio hai wanasoma," alijibu. Mwezi ule walihama kutoka vyumba viwili wakaingia kimoja.

Kava la tano likatengenezwa na fundi mwingine. Huyo hakuwa na picha za Chiriku zilizo safi, kwa sababu zote zilikuwa kwenye kompyuta ya Fundi Sura, aliyezipiga mwenyewe. Basi akaukata uso kutoka kava la zamani. Pale alipouweka, uso ulikuwa unatazama nje, basi akaugeuza kama kwenye kioo, kushoto kuwa kulia, ili utazame ndani. Ni jambo la kawaida kwa mafundi. Kwa picha ya mkate au chungwa hakuna atakayejua. Lakini Chiriku alikuwa na kovu dogo chini ya jicho la kushoto, alilolipata kwenye ngazi alipokuwa anajifunza kutembea.

Wa kwanza kuliona kava lile katika familia alikuwa mdogo wake Chiriku, mtoto ambaye bado anavalishwa viatu. Aliliona mezani kwa mzee muuza diski, akitoka shule. Akakimbia mpaka nyumbani.

"Bibi! Dada amerudi! Yuko dukani!"

Bibi alikuwa amemwambia kwamba dada amekwenda kwa Mungu. Mtoto akauliza: "Kwani Mungu amemrudisha? Mbona hajaja nyumbani?"

Bibi alimshika mtoto mkono, akanunua diski ile, akaenda nayo moja kwa moja kwa Fundi Sura na kuibwaga juu ya meza.

"Umemfukua mjukuu wangu!" alipaza sauti, na watu wa fotokopi wakaacha makaratasi yao. "Nilikulisha nyumbani kwangu siku ulipokuja kumpiga picha. Hukuona haya?"

"Bibi, huu si mkono wangu."

"Makava yote ya Chiriku ni mkono wako! Nani asiyejua?"

"Mtazame kovu, bibi."

Bibi akalisogeza kava karibu na macho, akalitazama, akagusa shavu lake mwenyewe, kwanza la kushoto, kisha la kulia.

"Huyu si wangu," alisema taratibu. "Hata kumwiba wameshindwa kumwiba vizuri." Akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia. Mtoto akamfuta machozi kwa upindo wa sare yake ya shule.

Kuanzia siku ile wanawake hao wawili wana jambo moja: uso ule usiendelee kuuzwa. Sehemu ya sita ilikuwa inakaribia. Fundi Sura alitengeneza kava lake bila kuombwa na bila malipo. Watoto wanne walio hai wanakimbia ngazini, njano imewajaa, na aliye mbele anamtazama mnunuzi machoni. Wakaenda nalo pamoja ofisini kwa mtayarishaji, bibi akiwa amevaa nguo yake ya ibada.

Mtayarishaji aliwapa viti, akampa bibi pole, akalitazama kava kwa muda.

"Kazi nzuri, sikatai," alisema. "Sasa muweke Chiriku hapa juu, mawinguni, anatabasamu."

Fundi Sura anasema aliomba Mungu amfunge mdomo, na Mungu akamfunga. Bibi ndiye aliyesema. "Mwanangu, wewe una watoto?"

"Ninao, bibi."

"Mungu akuwekee," alisema, akainuka. Hawajarudi tena ofisini kule.

Wanakokwenda sasa ni kwa wauza diski, mmoja mmoja. Nyuma ya kava la tano hakuna ujanja mwingi: kuna picha ndogo zilizotoka ndani ya tamthilia, watoto wanne tu. Ombi lao ni kwamba diski ilazwe kifudifudi, picha hizo ndizo zionekane. Mzee aliyekuwa wa kwanza kuiweka mezani ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali. Mwingine aliwacheka: "Mama, mnataka niuze visogo?" Walirudi kwake kesho yake, na kesho kutwa, mpaka akasema wamemchosha, akazilaza.

"Hatutaondoa zote, najua," anasema Fundi Sura, akimrudishia mteja wa sabuni picha yake. "Nataka njia ya yule mtoto kutoka nyumbani hadi shule tu. Apite asimwone dada yake."

Kwenye njia hiyo imebaki meza moja, iliyo karibu kabisa na geti la shule, na mwenye nayo amekataa mara mbili. Kesho, mtoto akishaingia darasani, wataenda tena.