Bomba Fupi, Bomba Refu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Ghala la Silaha pale Biharamulo hakunipa bunduki. Alinipa mtutu mtupu na waya mwembamba, akaniambia nitafute tundu. Nilihangaika nao mpaka nikaanza kuogopa kwamba nitarudishwa kwetu Ngara. Mwishowe waya ukazama kwenye kitundu kidogo ubavuni mwa mtutu.

“Hapo ndipo bunduki inapopumulia,” akasema. “Usipopaelewa hapo, kuna mwenzako hatarudi.”

Mimi nilikuwa nimeomba kazi ya ufundi magari. Kikosi cha askari wa wanyamapori kikanipangia silaha, na tangu siku ile nilibeba hofu ambayo wenzangu wa karakana hawakuijua.

Ninyi vijana mnaziona bunduki zikining’inia mabegani, basi niwaeleze. Bunduki inayojipakia yenyewe hutumia gesi ya baruti. Risasi ikishalipita lile tundu, sehemu ya gesi huingia kwenye bomba, ikarudi nyuma na kuisukuma bolti, yaani kile chuma kinachofunga chemba risasi inapokaa. Bolti ikirudi nyuma, kucha yake hulivuta ganda tupu na kulitupa nje. Springi ikiirudisha mbele, inasukuma risasi nyingine ndani. Yote hayo hutokea kabla hujapepesa jicho.

Sasa, bomba likiwa refu, tundu liko mbali na chemba. Gesi hufika imepungua nguvu, na bolti huondoka kwa utulivu. Bomba likiwa fupi, gesi hutoka karibu na chemba, ikiwa bado na moto na nguvu nyingi. Bolti hukurupuka mapema, wakati ganda bado limevimba na kuzishika kuta za chemba. Kucha ikivuta kwa pupa, hunyofoa ukingo wa ganda, nalo hubaki ndani. Hapo umeshika rungu. Lakini msidhani refu ndiyo dawa ya kila kitu. Kama mtutu umekatwa karibu mno mbele ya tundu, risasi hutoka na gesi huisha kabla bolti haijafika mwisho. Mafundi wa silaha huishi katikati ya hofu hizo mbili.

Mkuu wa Ghala alipostaafu, niliachiwa ghala. Baada ya miaka kadhaa zikaletwa bunduki mpya za bomba fupi, nyepesi, zinazofaa kupita vichakani. Askari walizipenda. Mimi nilizijaribu, na sikupata raha. Zikiwa baridi zilifanya kazi vizuri. Zikipata moto, au risasi zikishika vumbi, ganda liling’ang’ania. Niliomba springi nzito zaidi za kuichelewesha bolti, nikaambiwa zinakuja.

Kabla hazijafika, nyati aliyejeruhiwa na mtego alitoka porini akaingia kwenye mihogo upande wa Murusagamba. Alimpiga mama mmoja pembe shambani, na watu wakaacha kwenda kuvuna maharage. Bunduki kubwa ya nyati ilikuwa imekwenda na doria nyingine, na zile za bomba refu zilikuwa zimebaki chache. Mkuu wa Kikosi akaniita, akaniuliza kama zile fupi zinaweza kwenda.

“Afande, siwezi kuziapia,” nikamjibu.

Akasema wale watu nao hawawezi kungoja springi. Akaamua wenye bunduki ndefu watangulie na wenye fupi wafuate nyuma. Nikaenda kuzitoa ghalani.

Venansi, rafiki yangu, mtu wa Murusagamba hukohuko, ndiye aliyejitolea kukaa nyuma kabisa. Nilipomkabidhi bunduki nilimwonyesha tena na tena namna ya kuvuta mkono wa kukokia ganda likinasa. Akasema ninamtisha.

Waliondoka alfajiri. Nilikaa kando ya redio ya mawasiliano nisiweze hata kunywa chai. Mchana ikaja sauti ikisema Venansi ameumia, kisha ikakatika. Nyati hujua kuzunguka. Aliwaacha wa mbele wapite, akawarudia kwa nyuma.

Nililipokea gari kwenye geti la hospitali. Venansi alikuwa hai, mguu umevunjika karibu na nyonga. Mkuu wa Kikosi, aliyekimbia kurudi nyuma na kumwangusha mnyama, alinipa ile bunduki fupi. Niliifungua. Ganda lilikuwa ndani ya chemba, ukingo wake umenyofoka.

“Niliyeamua ni mimi,” akasema. “Nitasema hivyo popote nitakapoitwa.”

Na alisema hivyo. Zile fupi zote ziliondolewa kwenye doria mpaka springi zilipofika, na baada ya hapo zilitumika bila kunasa. Hata hivyo, maneno yaliyonikaa ni ya Venansi, akiwa kitandani. Hakunilaumu. Alisema tu, “Nilivuta kama ulivyonifundisha. Ganda halikutoka.”

Alipona, akaacha kazi, sasa analima migomba na anachechemea. Mimi nilihamishiwa kambi ya jirani na Nyakanazi, kisha Ngara, na huko ndiko nilikostaafu. Siku ya kuniaga walisifu kwamba ghala langu halikuwahi kupotelewa na kitu. Nilishukuru. Kwangu ghala ni wale watu waliotoka na vitu vyangu mkononi, nami nikabaki nikihesabu sauti za magari yanaporudi.

Binti yangu Grasiana naye sasa ni askari wa wanyamapori, na amepewa bunduki fupi. Juzi alipiga simu kutoka kambini, akanisalimu shikamoo. Kabla sijamaliza kuitikia marahaba, nilimuuliza maganda yake yanaangukia wapi. Akasema yanarushwa mbele, mbali kuliko ya wenzake. Nikamwambia hiyo ni gesi nyingi, aipeleke bunduki kwa fundi kabla ya kwenda popote.

“Nimeshaipeleka, baba,” akasema. “Ameigusa kidogo, anasema iko sawa.”

Nilitaka kumuuliza ameigusa wapi, lakini walikuwa wanamwita kwenye gari. Tangu hapo simu yake haipatikani. Kule porini hakuna mtandao, najua. Hata hivyo, kila gari likipunguza mwendo barabarani, nasimama.