Wanawake wa Makarai na Tao la Uhuru

Korkoi alikuwa mbeba zege, wala hakulionea haya. Tangu mumewe afariki, karai ndilo lililowalisha watoto wake watano, na kila asubuhi alilipiga kofi akisema, "Asante, mume wangu wa chuma."

Mwaka ule Accra ilikuwa inajenga tao la uhuru, na Korkoi alikuwa kiongozi wa wabebaji. Ikafika siku ya kumwaga zege la juu kabisa. Nyapara Opoku, mtu wa Kumasi, akaja na mpiga ngoma.

"Mama zangu, leo ni mbio. Ngoma ikilia, miguu itafuata yenyewe."

Wanawake wakatazamana. Mahindi ya sikukuu ya Homowo ndiyo kwanza yamepandwa, na Mga gani, mwenyeji wa Accra, atavunja mwiko apige ngoma mahindi yakiota?

"Ngoma hapana, baba," Korkoi akasema. "Mahindi yamo ardhini."

"Mie najenga taifa, wewe unaniletea habari za mahindi?"

"Na hilo taifa litakula nini?"

Wenzake wakacheka chini chini. Opoku hakucheka.

"Umwagaji wa zege ukikatika kabla halijajaa, litaacha ufa, na tao litavunjwa. Hapo nyote ishirini na wawili mtakwenda nyumbani. Wanaoyataka hayo makarai wako tele."

Korkoi aliwaona watoto wake watano machoni. Hata hivyo akasema, "Tuache twende kimya. Tukichelewa karai moja, tufukuze."

Opoku akamwondoa mpiga ngoma. Korkoi akawapanga wenzake mstari. "Kila mtu atazame kisigino cha mwenzake. Akiinua, inua."

Basi wakapanda na kushuka tangu alfajiri, bila wimbo, bila hata kuomba maji kwa sauti. Adhuhuri, Lamiley aliteleza. Mkono wa aliyemfuata nyuma ukalidaka karai lake, mstari ukaendelea. Kufikia alasiri zege lilikuwa limejaa, na halikukatika hata mara moja.

Wiki zikapita, mwiko wa kelele ukaondolewa, mbao zilizoshikilia zege zikabanduliwa. Opoku akapapasa zege upande hadi upande asione ufa. Akashuka, akavua kofia.

"Mama, nilikosa. Panda ukaone."

Wabebaji hawakuwahi kufika kileleni; wanaume ndio waliowapokea makarai njiani. Korkoi akapanda. Akaweka viganja vyote viwili juu ya zege, akalia.

"Ee Mungu, asante," akasema. "Ningesimama peke yangu siku ile, ningeaibika."

Kisha akainama ukingoni, akaanza kuwaita wenzake kwa majina, kwa sauti ya mama muuza samaki. Lamiley. Akweley. Dedei. Kila aliyeitwa aliitika kutoka chini. Aliwaita wote ishirini na mmoja, hakumruka hata mmoja.

"Lako hujalitaja," Opoku akamwambia.

"Langu wanalijua hao," Korkoi akasema, akaanza kushuka.