Kigugumizi cha Kompyuta ya Mama Nukta

Kwa miaka ishirini na sita mwanamke huyu alivisoma vitabu kabla ya watu wengine wote. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda kinachochapa vitabu vya shule, na kazi yake ilikuwa kuwinda makosa: herufi iliyodondoka, hesabu isiyokuwa na jibu, mchoro wa figo ulioandikwa kuwa ni ini. Wenzake walimwita Mama Nukta, kwa kuwa nukta haikupotea mbele yake asiione. Ukimtumia ujumbe wa simu ulioandikwa ovyoovyo, alianza kwa kukuuliza ulimaanisha nini, ingawa alikuwa amekuelewa vizuri tu.

Hakuwa mtu wa makelele. Watoto wake watatu aliwalea kwa jicho, na jicho lilitosha. Kwa hiyo siku aliyoingia nyumbani akautupa mkoba juu ya kochi, mumewe, fundi wa injini aliyestaafu, alizima redio bila kuambiwa.

"Nimeandikiwa barua," alisema. "Mimi! Barua ya onyo."

Mume akavaa miwani. Barua ilitoka kwa meneja mpya. Ilisema kwamba kwa mujibu wa takwimu za miezi mitatu, kasi ya kazi ya mhusika ilikuwa ya mwisho katika idara nzima, na kwamba asipojirekebisha ndani ya siku thelathini, uongozi ungelazimika kuitazama upya nafasi yake. Pembeni mwa mistari, kwa kalamu nyekundu, mkewe alikuwa ameshasahihisha makosa manne.

"Wewe mzembe?" mume aliuliza. "Wewe uliyekwenda kumzaa kitinda mimba wetu na kurasa za kitabu mkononi?"

"Mzembe siyo mimi. Ni ile kompyuta yao. Ina kigugumizi."

Mwanzoni mwa mwaka uongozi uliondoa karatasi zote mezani, kila mtu akapewa laptopu. Wiki mbili tatu za mwanzo, ile ya Mama Nukta ilikwenda vizuri, naye akaanza kuipenda. Kisha ikaharibika tabia. Akiandika "mmea", skrini ilibaki kimya kana kwamba hakuna aliyeigusa. Halafu, akiwa ameshabonyeza tena kwa wasiwasi, herufi zilimwagika kwa pamoja, "mmmmeaea", ikawa kosa jipya juu ya lile alilokuja kuliondoa. Kufungua sura moja ya kitabu kulimpa muda wa kwenda kuchota maji ya kunywa na kurudi. Na muda wote huo feni ya ndani ilinguruma kama inayopandisha mlima.

Alikuwa amelalamika kwa fundi wa kompyuta wa kiwanda, mwanamume wa makamo mwenye kitambi na sauti ya upole, ambaye jina lake la kazini lilikuwa Zima-Washa, kwa sababu kwa kila ugonjwa hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake.

"Umezima ukawasha, mama?"

"Nimezima nimewasha hadi kidole kimeota sugu."

Zima-Washa alijikuna shingo. "Basi hapo tatizo ni umri."

"Umri? Si ilitoka kwenye boksi mwezi wa kwanza?"

"Sisemi wa kompyuta, mama. Nasema... watu wazima mnabonyezabonyeza sana. Mashine inachanganyikiwa."

Aliondoka pale kabla ulimi haujamponza. Sasa, barua ikiwa mezani, maneno yale yalimrudia yote na kumchoma upya.

Mumewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua saa yake ya mkononi, akampa. "Injini ikikosa nguvu, fundi kanjanja hubadilisha vitu vitano kwa mpigo. Ikipona, hajui kilichoiponya. Isipopona, hajui alichoharibu. Wewe gusa kitu kimoja tu. Pima. Andika. Ndipo uguse kingine."

Asubuhi yake Mama Nukta alifungua daftari jipya. Alichukua sura ya tatu ya kitabu cha sayansi cha darasa la nne, akabofya, akatazama saa. Sekunde hamsini na moja. Akaandika.

Akafunga kila dirisha lisilohusika. Arobaini na tisa. Akapangusa matundu ya pembeni kwa brashi laini, vumbi la karatasi likatoka kama unga, akaiinua kompyuta juu ya vipande viwili vya mbao ipate kupumua. Joto lilipungua, lakini muda ulikuwa arobaini na saba. Akaazima chaja ya mchoraji, mwanamke mwenzake wa chumba cha mbele. Hakuna kilichobadilika. Akatazama nafasi iliyobaki ndani ya mashine, akashtuka: ilikuwa imejaa pomoni, mstari mwekundu hadi ukingoni. Yeye mwenyewe aliweka humo vitabu kumi na kimoja na picha moja ya mjukuu. Akafuta rasimu alizokuwa amekwisha kuzimaliza. Kesho yake nafasi ile ilikuwa imejaa tena.

"Kuna mtu anakula humu ndani," alimwambia mumewe, "na sahani haniachii hata ya kuosha."

Siku ya tatu aliihamishia kompyuta meza ya mchoraji. Chumba cha Mama Nukta kilikuwa nyuma ya ghala la karatasi, kuta nene, mtandao ukifika humo unachechemea. Pale mbele, baada ya nusu saa hivi, feni ilinyamaza yenyewe. Sura ya tatu ikafunguka kwa sekunde kumi na moja. Aliporudi chumbani kwake, kabla ya saa nane mchana ilikuwa imerudi kwenye hamsini.

Mtu mwingine angefurahi na kuomba ahamishwe chumba. Mama Nukta alikaa akifikiri. Kitabu kimo ndani ya mashine hii hii; kukifungua kunahitaji mtandao wa nini? Akaweka saa mbele yake, akaanza kuandika herufi moja tu, a, a, a, bila kupumzika, akitazama ni lini skrini inakwama. Ilikwama. Ikaachia. Ikakwama tena. Kila baada ya sekunde kumi, bila kukosea.

Kitu kinachokosea kwa ratiba si uchovu wala uzee. Ni kazi ya mtu.

Alifungua ule ukurasa unaoonyesha programu zote zinazokwenda na nguvu inayotumiwa na kila moja. Juu kabisa palikuwa na jina moja: Msaidizi. Kila sekunde ya kumi Msaidizi huyo alikwapua karibu nguvu yote ya mashine, akaiachia makombo. Mama Nukta hakuwahi kumwita msaidizi yeyote. Akabofya kuona anakaa wapi, na folda ikafunguka. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu ndani yake mlikuwa na picha zaidi ya laki moja na nusu.

Upande mmoja wa kila picha ulionyesha skrini yake, kazi yake yenyewe, ukurasa baada ya ukurasa. Upande wa pili ulikuwa uso wake.

Alijiona akipiga miayo. Alijiona akijichokonoa meno baada ya chakula, akidhani yuko peke yake na ukuta. Chini ya kila picha palikuwa na maandishi: "Anafanya kazi" au "Hafanyi kazi". Na pale alipokuwa ameshika shavu, akisubiri kompyuta iachie, Msaidizi aliandika: "Hafanyi kazi".

Ndipo akakumbuka tarehe moja ya mwezi wa pili. Akaitafuta. Siku hiyo dada yake alimpigia simu kumwambia kwamba mama yao ameaga dunia. Aliweka simu chini, akalaza kipaji cha uso mezani, akalia kwa dakika mbili, akajifuta, akaenda kuomba ruhusa. Hakumweleza mtu kwamba alilia. Zilikuwamo picha kumi na mbili. Katika ya nane alikuwa ameinua uso, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Hafanyi kazi, hafanyi kazi, mara kumi na mbili.

Aliibeba kompyuta ikiwa wazi, kwa mikono miwili kama mtu abebaye sinia, akaenda moja kwa moja kwa Zima-Washa.

"Hii ulikuwa unaijua?"

Zima-Washa alitazama. "Nilijua ipo programu. Niliambiwa ni ya usalama. Habari za nyuso, wallahi sikujua, mama."

"Kwamba ndiyo inayoifanya mashine kuwa nzito?"

Zima-Washa alijikuna shingo.

"Nakuuliza, baba."

"Nilihisi. Mtandao ukiwa dhaifu, picha hazitoki, basi inajaribu kuzituma tena na tena; na hata zikitoka, nakala zinabaki humo humo. Chumba chako ndicho chenye mtandao mbovu kuliko vyote."

"Ulihisi! Halafu ukanitazama usoni ukaniambia ni umri."

"Niliogopa, mama. Nisamehe."

"Kusamehe tutaona. Inuka twende."

Ofisi ya meneja ilikuwa na mlango wa kioo na ubaridi wa mashine. Meneja, kijana nadhifu wa shati jeupe, alinyoosha mkono kuonyesha kiti. Mama Nukta hakukaa.

"Kuhusu ile barua," meneja alianza, "naelewa inauma, lakini mashine haidanganyi."

"Vizuri. Shika hii saa."

Alishika, kwa mshangao. Mama Nukta akaweka kompyuta mezani kwake na kubofya sura ya tatu. Walisubiri. Sekunde hamsini ni fupi kuzitaja, lakini watu watatu wakizisubiri wamesimama, huwa ndefu kama hotuba. Kisha Zima-Washa, jasho likimtoka, alimsimamisha Msaidizi. Mama Nukta akafunga sura, akabofya tena.

"Ngapi?"

"Sita," meneja alisema.

"Kipimo chenu ndicho kilichonikaba koo, halafu mkaniandikia barua kwamba napumua polepole!"

"Mama, tuelewane. Huu ni utaratibu wa kisasa. Na picha hizo hakuna anayeziangalia, mfumo unatoa namba tu."

Mama Nukta alimgeuzia skrini. Ilikuwa ile picha ya nane. "Hii ni siku niliyofiwa na mama yangu. Iangalie basi, uwe wa kwanza."

Meneja alitazama, akayaondoa macho haraka. "Hii... hii sikuwahi kuiona."

"Ndiyo maana nimekuja. Msingeiona. Hamsomi mnachokiandika, hamwangalii mnachokipiga picha, lakini kusaini onyo mnaweza! Miaka ishirini na sita sijapitisha ukurasa ambao sikuusoma."

Sauti ilikuwa imepanda, yeye aliyekuwa hapandishi sauti. Nje ya kioo watu walikuwa wamekusanyika. Mchoraji alisukuma mlango. "Na sisi tumo?" aliuliza. Zima-Washa alitikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo kelele zilipoanza, maana kila mmoja alikumbuka jambo lake alilolifanya akiwa peke yake mbele ya ile skrini.

Siku mbili zilizofuata wafanyakazi kumi na mmoja wa idara ile walikuja kazini, wakakaa, na hakuna aliyefungua kompyuta. Zima-Washa aliandika maelezo ya yote aliyoyajua, akayasaini, akayapeleka juu mwenyewe. Inawezekana alitaka kuosha mikono. Inawezekana pia aliona haya kikwelikweli. Siku ya tatu amri ikatoka Msaidizi aondolewe kwenye mashine zote. Barua ya onyo ilifutwa kwa barua nyingine ya mistari miwili. Neno samahani halikuwamo.

Mama Nukta alitaka picha zifutwe mbele ya macho yake, za humu na za kule zilikotumwa. Alivuta kiti karibu na meza ya Zima-Washa, akakunja mikono. Kazi ile ilikula saa tatu nzima, na hakunyanyuka hata kwenda kunywa maji.

"Ile ya siku ya msiba," Zima-Washa aliuliza taratibu, "nikuwekee?"

"Mama yangu ninazo picha zake, alizopigwa kwa kupenda. Futa."

Jioni mumewe alimuuliza kama moyo umetulia.

"Haujatulia," alijibu. "Wameitoa kwa sababu imejulikana. Wangeiacha kama isingejulikana."

Kompyuta sasa inakwenda kama maji mtelemkoni, na kitabu cha sayansi kimeshafika madarasani. Meneja yungali pale. Wakipishana koridoni humsalimia kwa uchangamfu uliopita kiasi, naye huitikia kwa adabu. Lakini kila mkutano wa mwezi, inapofika zamu ya maswali, Mama Nukta husimama na kuuliza swali lile lile: sheria ya maandishi, inayosema nani anaruhusiwa kumpiga picha mfanyakazi na kwa idhini ya nani, imefikia wapi? Meneja hujibu kwamba inashughulikiwa. Mama Nukta huandika jibu hilo daftarini pamoja na tarehe, kisha huketi. Hadi leo ameshaliandika mara saba.