Shikamoo ya Barabarani

Mimi Harusi, muuza mahamri wa mtaa wa Barani, nje kidogo ya mji, sifichi: magari siyapendi. Yameujaza mji wa Malindi mpaka ukienda sokoni kwa tuktuk unafika samaki wazuri wameshachukuliwa. Ndiyo maana jirani yangu Twahir, fundi wa baiskeli, alipoanza kuwarudisha watu kwenye baiskeli, nilimshangilia. Kibanda chake kimegusana na changu. Baiskeli zilizokuwa zikioza nyuma ya nyumba za watu alizitoa kutu, akazitia cheni mpya, akawaambia wenyewe, "Haya, pandeni. Mjini ni hapo tu."

Wa kwanza kumpandisha alikuwa bintiye, Ilham, anayeuza katika duka la dawa mjini. Mwenye duka alikuwa keshamwonya: akichelewa tena kwa sababu ya foleni, asirudi. Kwa baiskeli akawa anafika kabla mlango haujafunguliwa. Watu walinong'ona kuona buibui juu ya baiskeli. Niliwajibu kwamba buibui lile limefungwa vizuri kuliko midomo yao.

Lakini Twahir asili yake ni kisiwa cha Pate, mtu wa adabu za kale. Alimfunza mwanawe kama alivyofunzwa yeye: ukimkuta mtu mzima njiani, unashuka, unasimama, unamwamkia, ndipo unapanda tena. Kumpita mkubwa huku umekaa kitako juu ya baiskeli, kwake yeye, ni utovu wa adabu. Sawa, lakini yeye alijifunza hayo njia zikiwa za mbuzi na punda.

Asubuhi moja, Mzee Abdulhalim, rafiki wa Twahir tangu ujana, alikuwa akitembea kandokando ya barabara kuu. Ilham akamwona, akafunga breki, akashuka.

"Shikamoo, babu."

Marahaba hakuisikia. Gari lililokuwa nyuma yake halikutarajia mtu kusimama pale. Lilimgonga, likamvunja mguu.

Twahir alifunga kibanda. Watu nao wakarudisha baiskeli zao nyuma ya nyumba, kutu ikaanza upya. Siku niliyomwendea na chai alikuwa amekaa juu ya ndoo, anaitazama rimu iliyopinda.

"Harusi, dereva aligonga tu. Aliyemsimamisha pale ni mimi."

"Mwana umleavyo ndivyo akuavyo," nikamwambia, maana nilikuwa na hasira naye na sikuona sababu ya kumdanganya. Akalia mbele yangu, nami nikamwacha alie.

Mguu ulipopona, mwenye duka alikuwa bado amemwekea Ilham nafasi yake, ila sharti lilikuwa lile lile.

"Baba, nitengenezee baiskeli yangu."

"Panda tuktuk, mwanangu."

"Tuktuk itanifikisha saa ngapi? Kazi hii ikinitoka, baba, nitapata wapi nyingine?"

Twahir alichukua spana, akainyoosha ile rimu jioni nzima, akazikaza breki mara mbili mbili. Alipomkabidhi baiskeli, alisema maneno ambayo sikudhani yangetoka kinywani mwake.

"Usimshukie mtu. Macho mbele, mikono yote miwili kwenye usukani."

"Hata Mzee Abdulhalim?"

"Hata mimi."

Kesho yake alitangulia barabarani, akasimama pale pale mwanawe alipogongwa. Nilifuatana naye kwa kuwa roho yangu haikutulia. Tuktuk zilipigiana honi, malori yakapita karibu mno. Halafu tukamwona Ilham anakuja, uso umemkauka kwa woga.

Alitupita karibu kabisa. Hakugeuka wala hakupunguza mwendo. Twahir alikuwa ameshainua mkono, akaushusha polepole, akabaki kulitazama lile buibui mpaka magari yakalificha.

"Marahaba, mwanangu," akasema.